Kiswahili Katika Shule ya Kimataifa: Mwanafunzi Anayejisomea Lugha Yake Ughaibuni



Miaka michache iliyopita nilipokea barua pepe kutoka kwa msichana wa miaka kumi na saba, mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa amepata ufadhili wa kumalizia masomo ya sekondari katika shule moja ya kimataifa barani Ulaya. Barua ilianza kwa shikamoo, kama inavyostahili kwa mtu wa umri wangu, kisha ikaeleza shida yake kwa Kiswahili ambacho kila baada ya sentensi mbili tatu kiliteleza na kuangukia Kiingereza. Wiki ile alitakiwa kujaza fomu ya masomo. Alipouliza kama angeweza kusoma fasihi ya Kiswahili, mshauri wake alimjibu, kwa upole kabisa, kwamba Kiswahili tayari anakijua, hivyo hapakuwa na sababu ya kukipotezea muda. Afadhali achukue fasihi ya Kiingereza pamoja na Kihispania cha wanaoanza. Msichana yule hakuniandikia ili kulalamika. Aliuliza swali moja tu: “Mwalimu, ni kweli nakijua?”

Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Katika mihadhara ya namna hii tumezoea kuzungumzia Kiswahili ughaibuni kwa kutaja vyuo vikuu vinavyokifundisha kwa wageni, London, Leipzig, Bayreuth na kwingineko, na tunafanya vyema kuvitaja. Leo ninaomba tumtazame mtu ambaye taaluma yetu haijamtazama vya kutosha, yaani mzawa wa lugha, mwenye umri wa miaka kumi na sita hadi kumi na tisa, anayesomeshwa kila kitu kwa Kiingereza mbali na kwao. Nitaeleza shule yake ni ya namna gani, mtaala wake unampa Kiswahili nafasi ipi, na yanayomkuta anapojaribu kuitumia nafasi hiyo.

Shule ya kimataifa kama tuijuavyo leo ina mizizi yake mjini Geneva. Huko, mwaka 1924, maofisa wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, pamoja na wenzao wa Shirika la Kazi Duniani, walianzisha shule kwa ajili ya watoto wao. Watoto wale walitoka nchi mbalimbali, wazazi wao walihamahama, na hapakuwa na mtaala wa taifa moja uliowafaa wote. Mkondo wa pili wa historia hii ulianzia katika pwani ya kusini ya Wales. Mwaka 1962, kwa fikra za Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyekuwa amekimbilia Uingereza mwaka 1933, shule ya Atlantic College ilifunguliwa katika ngome ya kale ya St Donat's. Kusudi lilikuwa kuwakusanya vijana ambao mataifa yao yalipigana jana tu, waishi pamoja kwa miaka miwili kabla hawajaingia chuo kikuu. Wasichana walianza kupokewa mwaka 1967. Kutokana na shule hiyo yamezaliwa mashirikiano ya United World Colleges, ambayo leo yana shule 18, na moja kati ya hizo iko kwetu: UWC East Africa, yenye makao Moshi na Arusha, iliyojiunga mwaka 2019.

Kuna jambo moja la pembeni kuhusu St Donat's ambalo hunijia kila ninapoifikiria. Hahn aliamini kwamba kijana hafundishwi amani kwa hotuba, bali kwa kumwokoa mtu anayezama. Kwa hiyo wanafunzi walipewa zamu za uokoaji baharini, na kwa kuwa boti za zamani hazikufaa katika mawimbi yale, mkuu wa kwanza wa shule, Desmond Hoare, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alishirikiana na wanafunzi wake kubuni boti ya mpira yenye sakafu ngumu. Boti za aina hiyo sasa zinatumiwa na waokoaji duniani kote. Shule iliyoweza kuvumbua chombo cha bahari haikuweza, hata hivyo, kuajiri mwalimu wa fasihi kwa kila lugha iliyozungumzwa na wanafunzi wake. Hakuna shule inayoweza. Ufumbuzi wa tatizo hilo ulipatikana katika mtaala.

Taasisi inayosimamia mtaala huo, yaani Bakaloria ya Kimataifa, ilianzishwa Geneva mwaka 1968 chini ya Alec Peterson wa Oxford, na mwaka 1971 Atlantic College ikaacha mitihani ya Uingereza na kuushika mtaala huo peke yake. Muundo wa diploma yake ni rahisi kuueleza. Mwanafunzi husoma masomo sita, kwa kawaida matatu katika ngazi ya juu na matatu katika ngazi ya kawaida, na kila somo hupewa alama 1 hadi 7. Aidha, huandika insha ndefu ya maneno yasiyozidi 4,000, husoma Nadharia ya Maarifa, na hushiriki shughuli za ubunifu, mazoezi na huduma. Jumla ya juu kabisa ni alama 45.

La muhimu kwetu ni namna lugha zilivyopangwa. Lugha A ni ile ambayo mwanafunzi anaisomea fasihi. Ndiyo lugha anayotarajiwa kuimudu kikamilifu. Lugha B ni ile anayoendelea kujifunza. Kisha iko kozi ya wale wanaoanza kabisa. Kiswahili kimo katika ngazi zote tatu. Na kwa Lugha A, pale ambapo shule haina mwalimu, utaratibu unamruhusu mwanafunzi kujisomea kwa usaidizi wa shule: yeye mwenyewe anasoma vitabu, shule inampa ratiba na msimamizi, na kila inapowezekana anatafutiwa mkufunzi wa lugha hiyo popote alipo duniani. Mlango huu umekuwapo kwa miongo mingi, tangu kozi ilipoitwa Lugha A1 hadi ilipopewa jina la Lugha A: Fasihi mwaka 2011. Una kizingiti kimoja kisicho cha haki, nami sioni sababu ya kukifunika: anayejisomea anaweza kufanya ngazi ya kawaida tu. Mjerumani mwenye mwalimu darasani anaweza kuisoma fasihi ya kwao katika ngazi ya juu. Mswahili asiye na mwalimu hawezi.

Hata hivyo, kilichomo ndani ya mlango huo si kidogo. Kwa utaratibu ulioanza kufundishwa mwaka 2019, mwanafunzi wa ngazi ya kawaida husoma kazi tisa. Zisizopungua nne sharti ziwe zimeandikwa kwa lugha yenyewe, na zisizopungua tatu ziwe tafsiri. Zote kwa pamoja zitoke katika tanzu tatu, vipindi vitatu, na nchi tatu za mabara yasiyopungua mawili. Akifaulu Lugha A kwa Kiswahili kwa alama 3 au zaidi, na akapata kiasi hichohicho katika historia, uchumi au biolojia aliyoisoma kwa Kiingereza, hupewa diploma ya lugha mbili. Mshauri wa msichana wetu hakumwambia hili. Sidhani kwamba alimficha. Nadhani hakuwahi kupata mwanafunzi aliyemlazimisha kulitafuta.

Sasa turudi kwenye kauli ya kwamba Kiswahili anakijua. Mwaka 1979 mtaalamu Jim Cummins, aliyefanya kazi zake nchini Kanada, alitofautisha ujuzi wa lugha ya mazungumzo na ujuzi wa lugha ya taaluma. Wa kwanza mtoto huupata upesi, kwa takriban miaka miwili katika mazingira mapya. Wa pili humchukua miaka mitano au zaidi, kwa sababu haujengwi uwanjani bali katika kusoma na kuandika. Cummins alikuwa akieleza kwa nini mtoto mhamiaji anayeongea Kiingereza kwa ufasaha bado hushindwa mtihani. Lakini kipimo chake hukata pande zote mbili. Maurice Carder, aliyeongoza idara ya Kiingereza cha wageni na lugha za nyumbani katika Shule ya Kimataifa ya Vienna, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2007 kwamba shule hizi, zisipoweka mpango wa makusudi, humpa mtoto lugha moja kwa kumpunguzia nyingine. Lugha ya nyumbani haifi. Hubaki katika umri ambao mtoto aliacha kuisoma.

Kwa mtoto wa Afrika Mashariki mambo haya yana historia ndefu kuliko safari yake ya ndege. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali alifundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili, kisha alipoingia kidato cha kwanza masomo yote yakageuka Kiingereza, Kiswahili kikabaki kipindi kimoja miongoni mwa vingine. Mkenya alivushwa mapema zaidi, katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Shule ya ughaibuni, kwa hiyo, haianzishi jambo jipya. Inamalizia lile tulilolianza sisi wenyewe. Ndiyo maana huwa nasita kuilaumu peke yake.

Msichana wa Tanga aliijaza fomu kwa Kiswahili A, nami nikakubali kuwa mkufunzi wake kwa barua na kwa simu. Yaliyofuata yalinifundisha mengi juu ya ufundishaji wetu.

Kazi ya kwanza tuliyoichagua ilikuwa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utungo wa takriban miaka mia mbili iliyopita unaotazama magofu ya Pate. Baada ya wiki tatu akaniletea kurasa nne. Alianza na maudhui: dhamira kuu, dhamira ndogo ndogo, ujumbe, falsafa, msimamo wa mwandishi. Akafuata na fani: muundo, mtindo, mandhari, matumizi ya lugha. Chini ya matumizi ya lugha aliorodhesha tashbihi mbili, takriri moja na tashihisi moja, kila moja na mfano wake. Kazi ilikuwa nadhifu. Mtahini wa kidato cha nne angempa alama za juu, na mimi, niliyefundisha hivyo kwa miaka mingi, niliisoma kwa fahari kidogo kabla ya kutambua kwamba katika mtihani wake isingemfikisha mbali.

Mtihani ule hauulizi ni tamathali zipi zimetumika. Humweka mwanafunzi mbele ya kifungu ambacho hajawahi kukiona, na kumtaka aeleze jinsi uteuzi wa mwandishi unavyojenga maana. Nikamwomba aache kuorodhesha, achague ubeti mmoja, na akae nao. Alichagua mahali ambapo mshairi anaonyesha madaka ya ukutani, yaliyokuwa yamepangwa vyombo vya kaure, sasa yakiwa makao ya makinda ya ndege. Akakwama hapohapo: daka ni nini? Kamusi ilimpa maana, lakini haikumpa picha. Akampigia simu bibi yake, ambaye utoto wake ulikuwa katika nyumba ya mawe huko Pangani, na bibi akamweleza jinsi vyombo vilivyopangwa, vipi viliruhusiwa kuguswa na vipi havikuguswa isipokuwa siku ya harusi. Insha yake ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Ilisema kwamba mshairi hakuhitaji kutaja waliokufa, kwa kuwa msomaji wa wakati ule alijua ni mikono ya nani iliyopanga kaure zile. Na kwamba ndege, kwa kuzaa humo, wanaifanya nyumba iendelee kuwa nyumba kwa namna ya kuudhi. Sijui kama ningeweza kulisema hilo vizuri zaidi.

Ninaeleza haya kwa sababu wengi wetu hapa tumeshiriki kuijenga mizani ya fani na maudhui. Ilitufaa: ilituwezesha kuwafundisha maelfu ya vijana kwa vitabu vichache, na ilileta istilahi pale ambapo hapakuwa na istilahi. Lakini mwanafunzi anayeivuka mipaka akiwa na mizani hiyo pekee anagundua kwamba ana majina ya viungo vya mwili na hajafundishwa jinsi mwili unavyotembea.

Istilahi zenyewe nazo zilitupa kazi. Vitabu vya uhakiki alivyovipata vilitoka pande mbili za mpaka. Kimoja kilimwambia sitiari, kingine jazanda. Alipotaka kusema kwamba maneno ya mhusika yanapingana na hali halisi ambayo msomaji anaijua, Mkenya alimpa kinaya, Mtanzania alimpa kejeli, neno ambalo kwangu mimi lina sumu zaidi ya kinaya na halifai kila mahali. Nilimshauri atumie kinaya. Baadhi ya wenzangu wa Dar es Salaam watanisamehe. Kwa mwanafunzi aliye darasani tofauti hizi ni jambo la kuchekesha. Kwa anayejisomea peke yake, ambaye msomaji wa karatasi yake huenda amekulia upande wowote, ni jambo la wasiwasi wa kweli. Tulikubaliana kwamba kila istilahi yenye utata aifafanue kwa maneno machache mara ya kwanza anapoitumia.

Sehemu aliyoiogopa zaidi ilikuwa tafsiri, na ikawa ndiyo aliyoifurahia zaidi. Watu hudhani kwamba hazina ya Kiswahili ni haba upande huu. Julius Nyerere alichapisha tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth na pia Mfalme Edipode ya Sophocles. Shujaa Okonkwo ya Achebe ilitoka miaka ya 1970. Shamba la Wanyama ya Orwell iko tangu 1967. Hivi karibuni, mwaka 2022, Ida Hadjivayanis alitupatia Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, na hivyo kuirudisha hadithi ya pwani katika lugha ambayo wahusika wake wengi waliisema.

Katika shule yake, wenzake waliosoma fasihi ya Kiingereza walikuwa na tamthilia ileile ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice. Yeye alikuwa na Mabepari wa Venisi, na hakulazimika kwenda mbali ya jalada. Kwa Kiingereza jina la tamthilia linataja mfanyabiashara mmoja. Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hakuandika mfanyabiashara wala mchuuzi, na hakuandika umoja. Ni mabepari, wengi. Basi ni akina nani? Mkopeshaji peke yake, au na yule muungwana mwenye majahazi ambaye watazamaji wanatarajiwa kumpenda? Msichana aliandika juu ya herufi mbili hizo, ma-, aya tatu. Aliniambia kwamba alipolitoa wazo hilo katika kipindi cha Nadharia ya Maarifa, mwalimu, ambaye hakujua neno la Kiswahili, alimwomba aliandike ubaoni.

Tatizo lililotusumbua kuliko yote lilikuwa la vitabu vyenyewe. Baadhi ya kazi nilizozitaja hupotea madukani kwa miaka mingi, zikirudi tu zinapowekwa kwenye orodha ya mitihani ya shule. Nakala yake ya Kinjeketile ilisafiri ndani ya mzigo wa nesi aliyekuwa akirudi kazini Uingereza, kisha ikatumwa kwa posta. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyapata katika maktaba ya chuo kikuu kilicho saa mbili kwa treni kutoka shuleni kwake. Mtoto wa Kifaransa katika bweni lilelile hakujua kwamba kitabu kinaweza kutafutwa hivyo.

Idara zetu zinaweza kulifanyia nini jambo hili? Si mengi, wala si ya gharama. Shule inayomsajili mwanafunzi wa kujisomea huhitaji mtu wa kumwandikia mara moja kwa wiki mbili, akisome alichoandika na kumrudishia. Wanafunzi wa shahada ya uzamili walioko katika ukumbi huu wanaweza kuifanya kazi hiyo, na wangejifunza kufundisha fasihi kwa namna ambayo darasa la watu mia mbili haliwezi kuwafunza. Idara ingeweka orodha ya wakufunzi walio tayari, pamoja na seti moja ya vitabu tisa inayoweza kuazimwa kwa miaka miwili. Fomu za masomo hujazwa katika wiki za mwanzo za muhula, kwa kawaida Agosti na Septemba; barua zinazokuja Januari huwa zimechelewa, na wengi wa walioniandikia baada ya msichana yule waliandika Januari.

Yeye alifanya mitihani yake mwezi Mei wa mwaka wa pili. Wiki moja kabla, aliniandikia barua ndefu ya maswali kumi na moja, yote kwa Kiswahili, la mwisho likiwa juu ya mizani ya utenzi. Maswali kumi niliyajibu usiku uleule. Hilo la mwisho lilinilazimu kwanza kwenda maktaba.